Akiba Huoza: Hesabu ya Kustaafu Inayofaa Kufanywa Mapema

Mfanyakazi amemaliza miaka 35 kazini. Anakabidhiwa mafao yake kwa mkupuo, fedha zinazolingana na mishahara yake 60. Tangu azaliwe hajawahi kushika kiasi kama hicho. Watu wanampongeza, simu haipumziki, na yeye mwenyewe anajiona kweli ametoka.

Sasa tugawe. Amestaafu akiwa na miaka 60, na tuseme anajaliwa kufika 85. Hiyo ni miezi 300. Gawa mishahara 60 kwa miezi 300, unapata sehemu moja ya tano ya mshahara. Aliyezoea 100 kila mwezi atajilipa 20, na hapo hajapaua nyumba, hajanunua gari, hajamkopesha mtu hata mmoja.

Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini wengi huifanya wakiwa wamechelewa, pengine mwaka wa tatu tangu waage kazini, fedha ikiwa imekwisha nusu. Kosa linaanzia kwenye swali. Tumezoea kuuliza "nitapata ngapi?" kana kwamba kustaafu ni tukio la siku moja. Swali lenye kazi ni hili: nitajilipa ngapi kila mwezi, na kwa miezi mingapi? Ukishalishika hilo, mambo yanayowachanganya watu, kuanzia mfumuko wa bei hadi ada za mifuko na aina za pensheni, yanaanza kukaa mahali pake.

Miezi mingapi?

Mfumo wa pensheni ya taifa tunaoujua leo una mizizi Ujerumani. Sheria ya mwaka 1889, enzi za Kansela Otto von Bismarck, iliweka umri wa kulipwa kuwa miaka 70. Ulishushwa hadi 65 mwaka 1916. Wachangiaji wengi wa wakati ule hawakuufikia umri huo, na waliofika hawakulipwa kwa muda mrefu. Pensheni ilikuwa daraja fupi. Siku hizi mtu anaweza kustaafu na bado akawa na robo karne mbele yake, muda unaokaribia ule aliofanya kazi.

Kuna kisa cha kweli kutoka mji wa Arles, Ufaransa, kinachoeleza jambo hili kuliko jedwali lolote. Mwaka 1965, Jeanne Calment, bibi wa miaka 90, aliingia mkataba na mwanasheria mmoja wa miaka 47. Mwanasheria angemlipa faranga 2,500 kila mwezi maadamu bibi yu hai, na bibi akifariki nyumba yake ingekuwa ya mwanasheria. Kwa akili ya kawaida hiyo ni biashara nzuri: mtu wa miaka 90 atalipwa kwa muda gani? Bibi aliishi miaka 122 na siku 164, umri mkubwa kuliko wowote uliowahi kuthibitishwa kwa nyaraka. Mwanasheria alifariki mwaka 1995, akiwa amelipa kwa miaka 30 na hajawahi kulala ndani ya nyumba ile hata usiku mmoja. Familia yake iliendelea kulipa hadi bibi alipofariki Agosti 1997. Kwa jumla walilipa zaidi ya mara mbili ya thamani ya nyumba.

Watu hucheka wakisikia kisa hiki, lakini mwanasheria hakuwa mjinga. Alijitwika peke yake mzigo ambao kwa kawaida hubebwa na kundi. Mfuko wa pensheni au kampuni ya bima inayolipa watu 10,000 haihitaji kujua nani ataishi sana. Wanaoondoka mapema huacha fedha zinazowalipa wanaokaa, na kwa wingi wao wastani hupatikana. Mtu mmoja hana wastani. Ama ataishi miaka mitano ama thelathini, na fedha zake zinatakiwa zitoshe vyovyote itakavyokuwa.

Ndiyo maana mimi huwa siwaelewi wanaodharau malipo ya kila mwezi ya maisha na kusema heri wachukue chote kwa mkupuo. Malipo ya maisha ni bima dhidi ya kuishi sana. Mtu mwenye afya njema ambaye wazazi wake walifika umri mkubwa anapoikataa bima hiyo, anajiweka kwenye nafasi ya yule mwanasheria wa Arles, tofauti ikiwa kwamba anacheza dhidi ya maisha yake mwenyewe. Lakini kuna sharti: uliza kama malipo hayo hupandishwa bei zinapopanda. Kama hayapandishwi, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Akiba haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo kuhusu nafaka iliyotunzwa vizuri ghalani. Fedha huoza, tena bila kunuka. Tarakimu hubaki zile zile kwenye kitabu cha benki, kinachopungua ni uwezo wake wa kununua.

Kasi ya kuoza unaweza kuipima kichwani. Chukua 72, ugawe kwa asilimia ya mfumuko wa bei. Jibu ni miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ni miaka 12. Mtu anayestaafu akiwa na 60 ataona bei zikiwa mara mbili akifika 72, na mara nne akifika 84. Pensheni isiyopandishwa, iliyomtosha vizuri siku ya kwanza, itanunua robo tu ya vitu vile vile.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wahamasishaji wa akiba. Kuna mfano wanaoupenda sana. Wa kwanza anaweka 100 kila mwezi kuanzia miaka 25 hadi 35, kisha anaacha na haongezi hata senti. Wa pili anaanza akiwa na 35 na kuweka 100 kila mwezi hadi 60. Kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, wa kwanza aliyeweka 12,000 tu anafikisha 60 akiwa na takriban 134,000. Wa pili aliyeweka 30,000 anakuwa na takriban 95,000. Aliyeanza mapema kamshinda aliyeweka mara mbili na nusu yake. Ukumbi unapiga makofi.

Mfano ni sahihi, ila umekaa kimya kuhusu bei. Tuseme mfumuko ni asilimia 6. Faida halisi, ile inayobaki baada ya bei kula sehemu yake, ni karibu asilimia 2. Turudie hesabu kwa asilimia 2, tukipima kila kitu kwa thamani ya leo. Wa kwanza anapata takriban 21,900. Wa pili anapata 38,900. Matokeo yamegeuka kabisa!

Kwa hiyo kuanza mapema hakuna nguvu za ajabu peke yake. Muda huzalisha pale tu fedha inapofanya kazi kwa kasi inayozidi mfumuko. Ikilala kwenye akaunti isiyo na riba ya maana, muda ule ule uliotarajiwa kukuza ndio unaoozesha. Kijana anayeweka fedha chini ya godoro kwa miaka 35 ana nidhamu ya kupigiwa mfano, ila atakuja kupata hasara. Swali lako la kwanza kwa yeyote anayekuuzia mpango wa kustaafu liwe: faida hiyo ni kabla au baada ya mfumuko? La pili: na ada?

Ada hudharauliwa kwa sababu huandikwa kwa asilimia ndogo. Weka 100 kila mwezi kwa miaka 35 kwa faida ya asilimia 6, utakuwa na takriban 142,500. Meneja akichukua asilimia 1 kila mwaka, faida yako inabaki 5 na unamaliza na takriban 113,600. Ile "asilimia moja tu" imeondoka na sehemu moja ya tano ya kapu lote, kwa sababu inakatwa kila mwaka kwenye fedha yote uliyokwisha kuilimbikiza.

Kuhusu mahali pa kuweka fedha sitakaa sana, maana kila nchi ina bidhaa zake. Kwa ujumla hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali kwa riba, hutulia na hulipa kwa tarehe zinazojulikana. Hisa hupanda na kushuka, ila kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuuzidi mfumuko. Vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja hukupa mchanganyiko hata kama fedha yako ni ndogo. Nyumba ya kuishi huondoa kodi ya pango kwenye bajeti yako, jambo kubwa sana, lakini huwezi kung'oa dirisha moja ukaenda kununulia dawa. Na kama una mkopo wenye riba kubwa, kuulipa ni uwekezaji pia: mkopo wa asilimia 18 ukiumaliza mapema umeokoa asilimia 18, na hakuna soko litakalokuahidi hivyo bila hatari.

Tahadhari moja tu ya kusisitiza. Kampuni ya nishati ya Enron ilipofilisika huko Marekani mwaka 2001, zaidi ya nusu ya fedha za wafanyakazi katika mpango wao wa kustaafu ilikuwa kwenye hisa za kampuni hiyo hiyo. Walipoteza kazi na akiba kwa pigo moja. Mshahara wako tayari unategemea mwajiri mmoja. Uzee wako usimtegemee huyo huyo.

Soma hati ya mshahara wako

Pensheni za kazini ziko za aina mbili kubwa, na watu wengi hawajui wako kwenye ipi. Ya kwanza ni ya ahadi: kanuni imeandikwa, na mfuko ndio unaobeba hatari ya kutafuta fedha. Tuseme kanuni inakupa moja ya sitini ya mshahara kwa kila mwaka wa utumishi. Miaka 30 inakupa thelathini ya sitini, yaani nusu mshahara kila mwezi. Ya pili ni ya michango: wewe na mwajiri mnaweka kwenye akaunti yako, inawekezwa, na utakachokikuta ndicho chako. Hakuna aliyekuahidi kiwango. Soko likianguka mwaka unaostaafu, hasara ni yako.

Sasa chukua hati yako ya mshahara. Angalia mstari wa mshahara wa msingi, kisha mistari ya posho. Katika mifumo mingi ya ahadi, kanuni husoma mshahara wa msingi peke yake. Anayepokea 100, ambayo 60 ni msingi na 40 ni posho za hapa na pale, huamini kwamba nusu mshahara ni 50. Atapata 30. Nyongeza inayokuja kwa jina la posho ni tamu leo, lakini haikufuati uzeeni. Uliza pia "mshahara" wa kwenye kanuni ni upi: wa mwezi wa mwisho, wastani wa miaka michache ya mwisho, au wastani wa utumishi wote? Maneno hayo machache yanaweza kubadili mafao yako kuliko kupandishwa cheo.

Kisha angalia mstari wa makato ya pensheni. Kukatwa ni jambo moja, kuwasilishwa kwenye mfuko ni jingine. Dai taarifa ya michango yako kila mwaka na uilinganishe na hati zako. Pengo la miezi minane ukiligundua mwaka huo huo unaweza kulifuatilia; ukiligundua miaka 20 baadaye, mwajiri huenda hata jina lake halipo tena. Ukiwa huko huko, tazama fomu ya wanufaika uliyoijaza siku ya kwanza kazini, kabla hujaoa au kuolewa.

Asiye na mwajiri, mwenye biashara au ufundi wake, hana mstari wowote wa kusoma. Faida yake ni kwamba anaweza kuamua mwenyewe, na hasara yake ni hiyo hiyo.

Daftari lenye kurasa mbili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika matumizi yako ya mwezi huu, yote, kwenye ukurasa wa kushoto. Halafu piga mstari juu ya yatakayokufa ukistaafu: nauli ya kazini, ada za shule za watoto, marejesho ya mkopo wa nyumba, mchango wenyewe wa pensheni. Ukurasa wa kulia andika yatakayozaliwa: dawa, bima ya afya iliyokuwa ikilipwa na mwajiri, pengine mtu wa kukusaidia nyumbani. Ukurasa wa kulia huwa mtupu kwa vijana, na hapo ndipo wanapojidanganya.

Tuseme mshahara wako ni 100 na daftari linaonyesha utahitaji 70 kwa thamani ya leo. Pensheni inatarajiwa kukupa 40. Pengo ni 30 kwa mwezi, sawa na 360 kwa mwaka. Kulijaza pengo hilo unahitaji kapu kubwa kiasi gani?

Hapa kuna kanuni mashuhuri. Mwaka 1994, mshauri wa fedha Mmarekani William Bengen alipitia rekodi za masoko ya nchi yake na kuona kwamba mstaafu aliyechota asilimia 4 ya kapu lake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, hakuishiwa ndani ya miaka 30, alimradi fedha ziligawanywa kati ya hisa na hatifungani. Asilimia 4 maana yake kapu liwe mara 25 ya mahitaji ya mwaka. Rekodi ni za Marekani na si ahadi kwa soko lolote, lakini kama kipimo cha kuanzia inafaa. Pengo lako la 360 kuzidisha kwa 25 ni 9,000, sawa na mishahara 90.

Na yule bwana wa mishahara 60? Asilimia 4 ya 60 ni 2.4 kwa mwaka, au 0.2 kwa mwezi. Tumerudi pale pale kwenye moja ya tano, ila safari hii malipo yanapanda pamoja na bei, kwa sababu fedha iliyobaki haikulala.

Mishahara 90 inatisha mpaka uigawe kwa miezi. Kwa faida halisi ya asilimia 4, aliye na miaka 30 mbele yake anahitaji kuweka karibu 13 katika kila 100 anazopata. Aliyebakiwa na miaka 15 anahitaji karibu 37. Ya kwanza inabana, ya pili inavunja nyumba. Aliyechelewa ana njia moja ambayo haizungumzwi vya kutosha: kusogeza mbele mwaka wa kustaafu. Miaka mitatu zaidi ya kazi ni michango ya miaka mitatu, ukuaji wa miaka mitatu na miezi 36 pungufu ya kujilipa, vyote kwa pamoja.

Kama 13 ni nyingi leo, usianze nayo. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango ambao wafanyakazi walikubali mapema kwamba kila nyongeza ya mshahara itakapokuja, sehemu yake iende kwenye akiba kabla hawajaizoea. Wastani wa michango yao ulitoka asilimia 3.5 hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Hawakuwa watu wenye roho ngumu kuliko wewe. Mshahara wa mkononi haukuwahi kushuka, basi.

Miaka mitano inayoamua

Mtu akiisha kustaafu, mpangilio wa miaka huwa na uzito kuliko wastani wake. Chukua wastaafu wawili, kila mmoja ana 1,000 na anachota 60 kila mwisho wa mwaka. Wa kwanza anakutana na soko hili kwa miaka mitano: linashuka asilimia 20, linashuka 10, linapanda 10, linapanda 15, linapanda 25. Wa pili anapata miaka ile ile kwa kuanzia mwisho. Kama wasingechota, wangemaliza sawasawa kabisa. Kwa kuwa wanachota, wa kwanza anabaki na 737 na wa pili 885. Wa kwanza alilazimika kuuza wakati bei ziko chini, na alichouza hakikuwepo tena soko lilipopona.

Kwa sababu hiyo, miaka mitano kabla ya kustaafu ndipo hisa hupunguzwa taratibu, na fedha za kujilipa miaka miwili au mitatu ya mwanzo zinawekwa mahali patulivu: amana ya muda maalumu au hatifungani za muda mfupi. Soko likianguka, unakula kutoka hapo na kuliacha lipone.

Na mkupuo? Usiuguse kwa miezi sita. Miradi yote utakayoletewa wiki ya kwanza, kama ni mizuri kweli, itakuwepo bado mwezi wa saba. Weka fedha kwenye akaunti ambayo haina kadi, kisha iagize benki ihamishe kiasi kile kile ulichokikokotoa kwenye daftari kwenda akaunti yako ya matumizi, kila mwezi, tarehe ile ile mshahara wako ulipokuwa ukiingia.